Kabati limejaa sare za harusi za watu, mimi nguo sina

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wenu wa barua, nina la kusema kuhusu ile makala ya mitindo mliyotoa wiki mbili zilizopita, ile ya kupunguza nguo kabatini ubaki na chache zinazoingiliana zenyewe kwa zenyewe. Makala nzuri sikatai, nimeikata nikaibandika ndani ya mlango wa kabati kabisa, lakini jamani ile orodha ya mwisho, koti refu la mvua, sweta la shingo ndefu, buti za ngozi, mlikuwa mnamwandikia nani? Mi naishi Tabata. Februari hapa ukitoka kuoga unajifuta maji na jasho kwa pamoja. Mlieleza kwamba mambo haya yalianzia London miaka ya 70 kwa mama mmoja mwenye duka, Susie Faux, halafu 1985 mbunifu wa mitindo Donna Karan wa New York akatoa vipande vyake saba vya kuvaa kwa kubadilishana, sawa, wao na baridi yao wanajuana. Ila na mimi nina kabati.

Kabati lenyewe la mbao, milango mitatu, lilichongwa Keko mwaka ninaolewa. Mlango wa katikati haujawahi kufunga toka sijui lini, tumeukaza na kipande cha kanga kuukuu kwenye kitasa. Sasa Jumamosi moja alfajiri tumelala tukasikia paaa! Mume wangu karuka anatafuta panga anajua mwizi, kumbe ile fimbo ya kutundikia henga imekatika katikati, nguo zote chini, mlango umefunguka, mlima mpaka magotini. Na siku hiyo nilikuwa na kikao cha shule saa mbili. Nikasimama mbele ya ule mlima nikasema kwa sauti, sina nguo ya kuvaa. Mwanangu wa darasa la tatu akaniangalia, akauangalia mlima, akaondoka bila kusema kitu.

Niliporudi nikakaa chini nikahesabu moja moja, nikaacha kanga, vya ndani na soksi. 131. Halafu nikazigawa mafungu kitandani, na hapo ndo nikaona kitu ambacho makala yenu haikukigusa hata kidogo, maana nyie mlisema tatizo ni kupenda sana kununua. Mimi kupenda kununua ninako, sibishi, soko la mitumba la Karume lilipoungua Januari 2022 badala ya kuwaonea huruma watu wa watu nikawaza nitapata wapi blauzi, wiki hiyo hiyo niko Tandika nainama kwenye meza za buku, elfu moja moja. Lakini nguo za kununua kwa tamaa hazikuwa nyingi kama nilivyodhani. Tisheti za bure zilikuwa 9, za kampeni za uchaguzi, za semina, za mbio za hisani ambazo sikukimbia. Nguo za "nitapungua tu" 22, na mimi toka nimzae wa pili sijapungua, acha nijiambie ukweli hapa mbele ya wasomaji wenu. Na sare za shughuli za watu 19. Kumi na tisa! Kichen pati, sendofu, harusi, kipaimara, miaka 50 ya ndoa ya wazee wa jirani. Pichi, royal bluu, damu ya mzee, ile ya kijani ambayo kwenye grupu la WhatsApp walisema emeradi na kila mtu akaja na kijani yake. Kila moja imevaliwa mara moja, mbili zina alama ya mchuzi wa pilau na hazijafuliwa vizuri maana lesi ukiifua ovyo inakimbia.

Nikapiga hesabu, kitambaa na fundi tukiweka elfu 60 kwa wastani, na hapo nimejipendelea, ni zaidi ya milioni moja na laki moja zimening'inia pale hazifanyi kazi yoyote zaidi ya kunusa uvundo wakati wa masika. Kwa sababu hicho ni kitu kingine, unyevu wa Dar, nguo zikibanana hewa haipiti, ukivuta ya ndani kabisa mwezi wa tano unakuta kwapa lina madoa ya ukungu.

Kosa sio la bibi harusi peke yake. Mi mwenyewe nimekaa kwenye kamati, nimechagua rangi, nimewapigia watu simu "dada mbona hujachukua kitambaa". Najua utamu wake pia, mnavyoingia ukumbini mnacheza mmefanana, picha zinapendeza, hata usiyemjua ukimuona na rangi yako unamsogezea kiti. Ila tumevuka mpaka. Zamani sare ilikuwa kanga, doti moja, shughuli ikiisha unakwenda nayo nyumbani unaivaa jikoni, unabebea mtoto, unajifunika, inafanya kazi miaka. Sasa ni lesi ya kumetameta iliyobana mpaka huwezi kukaa, utaenda nayo wapi, sokoni?

Mama yangu nilipomsimulia alicheka mpaka akatoa miwani. Yeye mwanzoni mwa miaka ya 80 ndo alikuwa msichana, vita ya Amin imeisha hali ngumu, madukani hakuna kitu, kitambaa kikiletwa ni foleni na kujuana. Alikuwa na magauni mawili, la kutokea na la nyumbani, la kutokea likichakaa linashushwa cheo. Halafu mitumba ikafunguliwa katikati ya miaka hiyo ya 80 na anasema watu walivaa kama wana hasira. Nadhani hasira yenyewe tumeirithi sisi. Serikali zetu zenyewe zilishindwa, mtakumbuka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana mitumba iondoke taratibu mpaka 2019, Marekani ikawakumbusha habari ya AGOA, ule mpango wake wa kuruhusu bidhaa za Afrika ziingie kwake bila ushuru, wengine wakalegeza, Rwanda ikakaza na 2018 ikasimamishiwa nafuu ya kuuza nguo kule. Kwa hiyo blauzi ya buku ipo na itakuwepo, hatuwezi kusubiri iishe ndo tupange makabati.

Sasa nilichofanya. Kwanza nilisahau habari ya rangi ya mchanga na nyeupe tupu mliyoisifia, mtu anayepanda daladala na kuvuka vumbi la Tabata nyeupe anaifua kila siku mpaka inakuwa maziwa. Kijivu nacho hapana, kinachora ramani ya jasho mgongoni. Nikachagua bluu iliyokolea, ugoro na nyeusi kwa chini, juu nikaachia rangi zichangamke. Za kazini nimebaki na chini 4 na juu 7, na kwa hesabu ya darasani hizo ni mitindo 28, ila kwa kweli ni 25, maana moja ya zile za chini ni sketi ya kitenge na blauzi tatu zina maua, ukivaa maua juu ya kitenge unaonekana kama umetoroka kwenye moto. Hata hivyo 25 ni wiki tano za kazi sijarudia.

Hiyo sketi ya kitenge ndo naomba muiandikie makala, sio koti la mvua. Nilikuwa na gauni la kitenge refu, lina mikono ya puto, sherehe tupu, nililivaa Pasaka nikaliweka. Nikampelekea fundi wangu nikamwambia likate kiunoni. Akaniangalia kama nimemwambia amkate mtoto wake. Akasema dada hii kazi ya watu, nikamwambia kata. Tukapata sketi, na ile ya juu akaipunguza puto akaiwekea pindo ikawa blauzi. Sketi naivaa na tisheti nyeusi ya mtumba naenda kazini, blauzi naivaa na jinzi Jumamosi, na siku nikitaka sherehe yangu navaa zote mbili pamoja, hakuna anayejua limekatwa. Toka hapo kitenge cha yadi sita sishonei gauni tena, nasema juu peke yake na chini peke yake, na aache kitambaa cha kutosha ndani kwenye mshono, maana mwili huu sio wa kuuamini, ukinenepa anaachia tu.

Na mtumbani sasa nakwenda nimevaa sketi yenyewe. Nikiona blauzi naiweka juu ya sketi pale pale kwenye kioo cha muuzaji, haikubaliani naiacha hata kama ni mia tano. Naangalia kwapa, navuta zipu mpaka mwisho, naiinua kwenye jua nione kama imekonda, nasoma kile kilebo cha ndani kama ni pamba, maana zile za plastiki plastiki mchana wa Kariakoo unachemka ndani kama kande. Muuzaji wangu amenuna, zamani nilikuwa naondoka na mfuko, sasa naondoka na moja au sina.

Kutoa ndo kazi. Tisheti za kampeni zimekuwa madekio, mheshimiwa anafuta sakafu yangu kila asubuhi, nasema kwa heshima zote. Zile za "nitapungua" niliuza kwenye stetasi ya WhatsApp, nyingine nikawapa wadogo zangu. Sare nikazijaza begi zima la shangazi kaja nikampelekea shangazi mwenyewe kijijini Korogwe, nikijiona nimetenda jema, akalifungua, akatoa moja baada ya nyingine, lesi, lesi, lesi, akaniuliza "Mwanangu, hizi ni za kulimia au za kuchotea maji? Au huku kwetu ndo jalalani?" Nikakosa jibu. Alichukua moja ya pazia, zingine nikarudi nazo na basi. Sasa nawasikia wanaosema pelekeni kijijini, nacheka tu, kijijini nako wana macho.

Kanga sikugusa. Za mama ziko sandukuni doti 11 na hazihesabiwi popote, na mama hataki kusikia mtu anayefunga ya doti hii akajitanda ya doti ile, kwake huo ni uchizi, kwa hiyo kuchanganya kwangu kunaishia mlangoni kwake.

Nimebaki na 29 zote, na madera na jinzi na za kanisani humo humo. Sare nimeacha moja, ya harusi ya mdogo wangu.

Ombi langu ni kwa kamati, na najua zinasoma gazeti hili. Tajeni rangi, msitaje kitambaa. Semeni "njooni na bluu yoyote mliyonayo", kila mtu ana bluu. Desemba niliombwa elfu 45 ya lesi, nikamwambia mwenyekiti mama nitachangia hiyo elfu 45 kwenye harusi ila nitakuja na nguo yangu. Kimya cha siku mbili kwenye grupu. Siku ya siku nikawekwa meza ya nyuma kabisa karibu na mlango wa jikoni, nimevaa kitenge changu juu na chini, na nikwambie Mhariri, meza ile chakula kinafika kwanza. Kabla ya keki walishakuja wanawake watatu kwa nyakati tofauti kuniuliza fundi wangu yuko wapi, wote wamevaa lesi, mmoja hawezi kukaa vizuri.

Mlango wa kabati sasa unafunga, kile kipande cha kanga nimekiondoa. Ila kama kuna msomaji wenu ana kichen pati ya rangi ya pichi hivi karibuni, nina gauni saizi 14, zipu nzima, limevaliwa mara moja, limefika mpaka Korogwe na kurudi.

Mama wa wawili,
Tabata, Dar es Salaam