KIKAO CHA USALAMA WA VIJANA, NKUHUNGU: SIKU IMEBADILIKA

Habari za jioni wazazi, walezi na vijana wetu. Poleni na majukumu.

Kikao kimesogezwa kutoka Jumapili hadi Jumamosi hii, saa 10 jioni, ofisi ya serikali ya mtaa.

Kuna pendekezo la kuwazuia vijana kutoka nje baada ya saa 2 usiku na kuomba doria iwakamate. Mimi siliungi mkono. Binti anayemsaidia mama yake kufunga genge saa 3 atakamatwa sawa na kibaka, na kesho akiona jambo baya hatatuambia. Wengi bado ni watoto. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu hivyo kila aliye chini ya miaka 18. Unayelitaka pendekezo hilo njoo pia, tusikilizane.

Tutagawana kazi hizi:
1. Kufunga taa mbili za sola kwenye kichochoro cha kisimani, pale penye ua wa minyaa.
2. Zamu za wazazi wawili wawili kukaa kiwanjani jioni, bila fimbo.
3. Kutafuta mafundi wa kufundisha vijana. Fundi mmoja wa kuchomelea amekubali wawili, Mungu ambariki.

Mchango wa taa ni sh. 3,000 kwa kaya, kwa mweka hazina, mwisho Ijumaa saa 2 usiku. Usiye nayo njoo hivyo hivyo. Vijana hawachangii, ila tunawahitaji sana kikaoni.

Tafadhali jibu hapa NAKUJA au SITAWEZA kabla ya Alhamisi jioni, pamoja na namba ya kazi unayoichukua. Asanteni sana.