Shabiki wa kiti mwendo amekuja kuona mpira, si migongo

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuseme jambo moja kabla zege halijakauka. Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa kwa pamoja Fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Kwa ajili hiyo kuna viwanja vipya Nairobi, Arusha na Hoima, na vya zamani vinakarabatiwa. Zikitolewa habari za viwanja hivyo, tunasikia idadi ya viti, aina ya nyasi, taa na vyumba vya wachezaji. Watu wenye ulemavu mara nyingi wanapata sentensi moja: kutakuwa na njia ya mteremko. Mteremko ni lazima, hatubishi. Lakini mteremko kazi yake ni kumfikisha mtu jukwaani. Akishafika ataona nini, hilo ni swali jingine, na wenye michoro hawaulizwi.

Tuanze na desturi ya viwanja vyenye tartani ya riadha. Wenye viti mwendo hupangwa chini kabisa, kwenye tartani, nyuma ya mabango ya matangazo. Anayewapanga anaona amewaheshimu, kwa kuwa wako karibu na wachezaji kuliko hata waliolipia VIP. Kumbe hakuna mahali pabaya kama hapo. Macho ya mtu aliyekaa kwenye kiti mwendo yako kiasi cha mita 1.15 kutoka sakafuni, na bango la matangazo lina kimo cha karibu mita moja. Anachungulia kwa juu kama mtoto dirishani. Mpira ukihamia upande wa pili wa uwanja, zaidi ya mita 70 kutoka alipo, anaona msitu wa miguu tu. Mbele yake wachezaji wa akiba wanapasha misuli, wapiga picha wamechuchumaa, machela inapita. Mvua ikinyesha ni yake, jua likiwaka ni lake, na shuti likipotea haliwezi kukwepwa na mtu aliyefunga breki za kiti. Mashabiki wakivamia uwanja, wa kwanza kukanyagwa ni yeye.

Ukimtoa kwenye tartani ukampeleka jukwaani bila hesabu, tatizo linabadilika sura tu. Dakika zote 90 anaona vizuri, isipokuwa zile anazozihitaji: kona, penalti na goli, kwa sababu hapo wote walioko mbele wanasimama. Hesabu yenyewe si ngumu na mhandisi yeyote anaweza kuirudia. Mtu mzima akisimama, utosi wake uko kama mita 1.75. Toa mita 1.15 za macho ya aliyekaa, unabaki na sentimita 60. Lakini hizo zinamfikisha usawa wa utosi tu, na yeye haangalii mbele, anaangalia chini uwanjani. Chukua mfano wa jukwaa la chini: macho yako mita 5 juu ya nyasi, na mstari wa pembeni ulio karibu uko mita 20 mbele. Kila mita moja ya kwenda mbele, mstari wa macho unashuka sentimita 25. Kati ya macho yake na utosi wa aliyesimama mbele kuna kama mita 1.2, kwa kuwa kiti mwendo kinachukua nafasi ndefu kuliko kiti cha plastiki. Hapo ongeza sentimita 30. Zimekuwa 90. Weka na kumi za kofia na mikono ya kushangilia, unapata mita moja kamili.

Kwa hiyo sakafu ya viti mwendo iwe juu ya safu ya mbele yake kwa mita moja hivi. Ngazi ya kawaida ya jukwaa huinuka sentimita 40 au pungufu. Tofauti hiyo ya sentimita 60 ndiyo inayoamua kama mtu amenunua mpira au amenunua kelele.

Kuna mtego mwingine hapohapo. Fundi akimaliza sakafu iliyoinuliwa anaweka ukingo wa usalama mbele, na kwa mazoea anauweka mita 1.1 huku bomba la juu likiwa limelala. Bomba hilo linakaa sawasawa na macho ya aliyeketi na kuufuta mstari mzima wa goli. Mbele ya watu wanaotazama wakiwa wameketi, sentimita 80 zinatosha, ukingo uwe wa nondo nyembamba za kusimama au wa kioo kigumu. Chini kabisa pawe na kizuizi kidogo cha sentimita 10 ili magurudumu ya mbele yasiteleze.

Nafasi ya kiti kimoja ni sentimita 90 kwa 140, na pembeni yake, si nyuma yake, kiti cha msaidizi cha sentimita 50. Nyuma paachwe njia ya mita 1.2 ili mmoja akitaka kwenda chooni wasilazimike kuhama wote. Kwa uwanja mpya hii ni kazi ya kalamu: sakafu hiyo ichorwe pale ukumbi wa nje, yaani njia pana ya kupita nyuma ya jukwaa, unapotokea jukwaani, usawa mmoja, wala hautahitaji mteremko mwingine ndani. Kwa uwanja wa zamani gharama ipo na haifai kufichwa. Watu 20 na wasaidizi wao wanahitaji urefu wa mita 28. Kina cha mita 2.6 ni kama safu nne za viti. Utang'oa viti 220 hivi. Fremu ya chuma na bati la vinundu vinatosha, zege halilazimiki. Na kama sakafu imepanda mita moja juu ya njia iliyopo, mteremko wa 1 kwa 12, yaani unaopanda mita moja kwa kila mita 12 za urefu, unataka mita 12, ukatwe katikati kwa sehemu tambarare ya mita 1.5 ya kupumzikia. Anayekujengea wa mita tano amekujengea kitu cha kuangukia, na tumeiona miteremko ya namna hiyo katika majengo mengi ya umma, mikali kiasi kwamba hata mwenye kusukuma toroli anaikwepa.

Nafasi ngapi? Waingereza wana kipimo wanachokifuata tangu mwaka 2003: uwanja wa watu 20,000 hadi 40,000 unaanza na nafasi 150 na kuongeza 3 kwa kila elfu inayozidi 20,000; kuanzia 40,000 ni nafasi 210 na 2 kwa kila elfu inayozidi. Klabu zote za Ligi Kuu yao ziliahidi mwaka 2015 kwamba zitafikia kipimo hicho kufikia Agosti 2017, na baadhi zilichelewa, fedha zote zile. Kwa kipimo hicho uwanja wa watu 60,000, kama wa Benjamin Mkapa, ni nafasi 250. Wa 30,000 ni 180. Wa 20,000 ni 150. Hatusemi tuige tarakimu za watu kama zilivyo. Tunasema pawe na tarakimu iliyoandikwa, maana neno “za kutosha” katika mkataba wa ujenzi halina maana yoyote.

Nafasi hizo zitawanywe. Zikirundikwa sehemu moja, siku ya Simba na Yanga utamkuta mwenye jezi nyekundu kabanwa katikati ya kijani na njano, anashangilia kwa kope.

Sasa tiketi. Yapo mazoea ya kuwaingiza watu wenye ulemavu bure. Ni wema, ila wema huu una kasoro: anayeingia bure hana namba ya kiti, na uwanja ukijaa yeye ndiye wa kwanza kuambiwa arudi. Afadhali alipe bei ya mzunguko, yaani ya viti vya kawaida, apewe nafasi yenye namba, na msaidizi wake ndiye aingie bila malipo. Kwa kuwa pale Mkapa tiketi hupakiwa kwenye N-Card, kadi ya kielektroniki ya malipo, si vigumu kufunga tiketi mbili pamoja wakati wa kununua, ya pili ikisoma sifuri. Getini napo: kizuizi cha kuzunguka kinapitisha mtu mmoja mwembamba, upana wa nusu mita, wakati kiti mwendo kina sentimita 65 hadi 70. Linahitajika geti la pembeni la mita moja na mtu mwenye mashine ya mkononi ya kusomea kadi, awepo tangu mageti yanafunguliwa. Tunasisitiza awepo. Geti likiwa na kufuli na ufunguo uko kwa bwana fulani aliyekwenda jukwaa kuu, hilo ni ukuta. Na walinzi waelekezwe mapema kwamba gongo la kutembelea na fimbo nyeupe si silaha za kukusanywa mlangoni.

Hapa kwetu kuna jambo ambalo vitabu vya Ulaya havitakuambia. Wengi hawaji na kiti mwendo, wanakuja na baiskeli ya magurudumu matatu ya kuendesha kwa mikono. Ile ina urefu wa karibu mita mbili, haikati kona ndani ya ukumbi na haitoshi kwenye nafasi ya sentimita 140. Ukimlazimisha aiache nje ya uzio, atatambaa. Dawa yake ni banda lenye mlinzi ndani ya geti, mwenye baiskeli apewe kibao cha namba, na viti mwendo vya kuazima viwepo hapohapo, upepo ukiwa umekaguliwa asubuhi. Bajaji nazo ziruhusiwe kushusha hadi hatua 50 kutoka getini, ardhi iwe ngumu. Vifuniko vya mitaro viwekwe matundu yakikata njia, si yakifuata njia, la sivyo gurudumu dogo la mbele linazama na mtu anatupwa.

Choo: kimoja kwa kila nafasi 15, kisizidi mita 40 kutoka kwenye nafasi. Mlango wa sentimita 90 unaofunguka kwa nje, kwa sababu mtu akianguka ndani ya mlango wa kufungua kwa ndani, mwili wake ndio kufuli. Duara la mita 1.5 la kugeuzia kiti, vyuma vya kushikia vilivyofungwa ukutani kwa boliti na si skrubu za kabati. Na kisigeuzwe stoo ya mifagio. Msomaji yeyote anajua tunachosema.

Ulemavu si magurudumu tu. Viwanja huelekezwa magoli yakiwa kaskazini na kusini, jukwaa kuu likiwa magharibi ili jua la jioni liwe mgongoni mwa wakubwa. Mechi ya saa 10 jioni, jua lote linawapiga waliokaa mashariki, ambako ndiko kwenye tiketi za bei nafuu. Kwa mtu mwenye ualbino huo ni moto wa ngozi na upofu wa saa mbili, hivyo zitengwe nafasi upande wa magharibi, safu za chini kwa wasioona mbali, kwa bei ya mzunguko. Wasioona kabisa wanakuja na redio ndogo, na redio ya FM ni nzuri kwa kuwa haichelewi; ile ya kwenye simu kwa intaneti inaweza kuchelewa nusu dakika au zaidi, goli linashangiliwa yeye bado yuko kwenye kona. Ila mtangazaji wa redio anasoma salamu za wadhamini mpira ukiwa kwenye boksi. Wanahitaji watangazaji wawili wa uwanjani wanaopokezana, wanaosema mpira ulipo, uko kwa nani, umbali gani na goli, kupitia mtambo mdogo wenye kibali cha masafa. Kwa viziwi, maamuzi ya VAR, yaani ya mwamuzi wa video, na matangazo ya dharura yaandikwe kwenye skrini, na king'ora kiwe na taa inayomweka, pamoja na chooni.

Dharura yenyewe: lifti haitumiki moto ukiwaka, na umeme ukikatika inategemea jenereta. Ndiyo sababu nyingine ya kuweka nafasi hizi usawa wa ukumbi wa kutokea. Zikiwekwa juu, pawe na chumba cha kusubiri kilichojengwa kuhimili moto, na watu wanaojua kwa majina kwamba kazi yao siku hiyo ni kuwashusha waliomo.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ipo tangu mwaka 2010, na mwaka mmoja kabla yake nchi iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa ambao ibara yake ya 30 inataja viwanja vya michezo kwa jina. Hatuhitaji sheria nyingine. Tunaomba kipengele kimoja kiingizwe kwenye hati ya makabidhiano ya kila uwanja: kabla mkandarasi hajasainiwa, mhandisi mshauri akae kwenye kiti mwendo katika kila eneo lililotengwa, watu 20 wasimame safu ya mbele yake na mikono juu, kisha aandike kwa mkono wake ni vibendera vingapi vya kona anaviona. Vikipungua vinne, asisaini.

Mafundi ujenzi wawili na shabiki mmoja wa kiti mwendo,
Temeke, Dar es Salaam