Gemu za hadithi nazo zitafsiriwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Nina banda la gemu hapa Ujiji, mashine mbili za kuchezea za PS4 na runinga mbili, na wazazi wa mtaani wananisema kwamba nafundisha watoto kuua. Naomba niwajibu.

Wateja wangu wengi wanacheza mpira. Mechi inaisha upesi, mtu analipa, anampisha mwenzake. Gemu za hadithi zina watu wake. Red Dead Redemption 2, iliyotoka mwaka 2018, inakula saa 50 na zaidi, na anayeicheza hapa ni kijana mmoja anayevua dagaa kwenye kipe, chombo cha kuvulia usiku kwa taa, kule Kibirizi. Mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawafuati taa, kwa hiyo siku hizo haingii ziwani. Anakuja kwangu.

Steringi ni Arthur Morgan, jambazi wa Marekani ya mwaka 1899. Kundi lao lina mtu anayekopesha wanyonge, mikopo ile ile tunayoiita kausha damu, na Arthur ndiye anayetumwa kudai. Anamkuta mkulima mgonjwa shambani kwake, anamkunja, anampiga ngumi, na yule baba anamkoholea usoni. Kijana wangu alibonyeza akapita, hana habari. Mbele sana huko Arthur akaanza kukohoa, akaanguka barabarani, daktari akamwambia ana kifua kikuu. Kijana akaweka pedi ya kuchezea mapajani. "Kaka, si yule mzee wa deni?" Nikamwambia ndiye. Akakaa kimya muda, maana zile ngumi alizipiga yeye mwenyewe kwa vidole vyake. Kwenye filamu angemlaumu steringi.

Wazazi wenzangu, hilo sijaliona kwenye kitu kingine chochote kinachoonyeshwa mtaani kwetu.

Ila kwenye damu mna haki. Arthur anajuta kwa sababu ya mkulima mmoja, halafu misheni, yaani kazi ambayo gemu inakupa uimalize, inamtaka apige risasi watu chungu nzima ambao hadithi haiwataji tena. Tena wamekupa nchi nzima ya kuzunguka na farasi, lakini ukiwa kwenye misheni ukatoka kidogo kwenye njia waliyoichora wao, umefeli, rudia. God of War, gemu nyingine ya mwaka 2018, imetulia zaidi: baba na mwanawe wanapeleka majivu ya mama mlimani, na kamera haikatwi tangu mwanzo hadi mwisho. Hata hiyo inakuchosha kwa majitu yanayofanana kila unapogeuka. Zote mbili ni za miaka 18, na kwangu mtoto wa shule hazigusi.

Kinachoniuma hasa ni lugha. Maandishi ya chini yapo ya Kiingereza, Kifaransa, Kirusi, Kichina. Kiswahili hakuna. Filamu za kigeni tunaletewa zimetafsiriwa kwa sauti, hadi mama muuza migebuka anazifuata mwanzo mwisho. Gemu hakuna aliyezishika. Mimi Kiingereza changu ni cha kidato cha nne. Nasimama nyuma ya kiti namnong'oneza kijana, na kabla sijamaliza sentensi wameshahamia jambo lingine. Arthur ana daftari anamoandika yaliyo moyoni mwake. Hilo tunaliruka lote.

Naomba gazeti lako lichambue gemu kama linavyochambua filamu, na hao watafsiri wa filamu, pamoja na vijana wetu wa kompyuta, waliangalie jambo hili. Mimi nimeanza na daftari la kaunta, naandika mazungumzo kwa Kiswahili kidogo kidogo.

Kijana wangu anataka mbalamwezi ijayo aanze upya. Ameniuliza kama safari hii anaweza kwenda kwa yule mkulima asimpige. Gemu hairuhusu, usipompiga, hadithi haisogei. Bado sijamwambia.

Mwenye banda la gemu,
Ujiji, Kigoma