Wakala wangu amenyamaza, na mkataba bado umenifunga

Ndugu Mhariri,

Baada ya salamu, naomba nafasi katika ukurasa wako wa ushauri nieleze jambo ambalo nimelibeba tangu mwezi wa tano, na ambalo sasa limefika mahali pa kuamuliwa, nitake nisitake.

Mimi ni mwigizaji, mwanamke wa miaka 34, naishi Kampala. Nililelewa katika kambi ya jeshi Jinja, baba yangu akiwa askari, na Kiswahili ndiyo lugha niliyoizungumza kabla sijajua Kisoga wala Kiganda. Nalitaja hilo kwa sababu ndilo linalonipa riziki. Maigizo mengi ya Kampala huchezwa kwa Kiganda, na kwa miaka mingi watu wa mjini walikiona Kiswahili kuwa lugha ya askari na majambazi. Kwa hiyo kila muswada unapomhitaji mke wa askari, mwanamke wa baa ya njiani au mama wa biashara za mpakani Busia, mimi huwa miongoni mwa wachache wanaokumbukwa. Nilianza kwenye Ukumbi wa Taifa nikibeba trei jukwaani bila kusema neno, na sasa ni mwaka wa nane naishi kwa kazi hii, ingawa kuna miezi ambayo kuishi huko ni kwa jina tu.

Wakala wangu, ambaye sisi anaotuwakilisha humwita Mwalimu kwa kuwa aliwahi kufundisha maigizo shuleni, alinichukua mwaka 2023. Ulikuwa ni mwaka mmoja tu baada ya baraza la mawaziri kuidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi, na yeye alikuwa na hakika kwamba watayarishaji wa Nairobi na Dar es Salaam wangeanza kutafuta Waganda wanaokisema bila kujikwaa. Alilipia picha zangu za kwanza zenye hadhi kutoka mfukoni mwake. Alinifundisha kujirekodi kwa ajili ya usaili: simu iwe usawa wa macho, dirisha liwe mbele yangu wala si mgongoni, anayenisomea maneno ya mhusika wa pili asimame kando kabisa ya kamera. Wema huo siwezi kuukana, na ndio unaofanya barua hii iwe ngumu kuandika.

Mkataba tuliosaini mwezi Machi mwaka huo ulikuwa wa miaka miwili, nao hujirefusha kwa mwaka mmoja iwapo hakuna upande utakaotoa notisi ya maandishi siku 60 kabla ya kumalizika. Mimi sikutoa notisi. Nakiri kwamba kifungu hicho nilikuwa nimekisahau, kwa hiyo ulijirefusha wenyewe hadi Machi ijayo. Unamfanya kuwa wakala wangu pekee katika Afrika Mashariki yote, na unampa asilimia 15 ya kila malipo, hata kama kazi nimejitafutia mwenyewe. Kwa upande wake, jukumu kubwa lililoandikwa ni kwamba atafanya “juhudi zinazostahili” kunitafutia kazi na kunijulisha maombi yanayonihusu.

Kati ya Mei na Septemba nimemtumia ujumbe mara tisa. Sikumtumia maneno ya kulalamika. Nilimwuliza kama kuna usaili wowote, nikamtumia picha mpya kwa kuwa sasa nywele zangu ni fupi, nikamkumbusha malipo ambayo nitayaeleza hapa chini. Ujumbe wote umesomwa, alama mbili za buluu zinaonekana. Jibu nililopata ni moja: dole gumba, bila neno. Simu inaita mpaka inakatika. Hata hivyo kila asubuhi namwona yuko hai na mwenye afya kwenye picha anazoziweka WhatsApp, mara yuko kwenye harusi kama mshereheshaji, mara yuko na vijana wa TikTok ambao siku hizi naye anawasimamia. Namna hiyo ya kunyamaza inachosha kuliko kukataliwa, kwa sababu aliyekataliwa angalau huenda kulala.

Mwezi wa nane nilikwenda ofisini kwake Ntinda bila kumpigia. Ofisi iko juu ya duka la dawa, na ukutani zimetundikwa picha za waigizaji wake wote, yangu ikiwamo. Binti wa mapokezi alinikaribisha kwa heshima, akanipa kiti na maji, kisha akaniuliza mimi ni nani na nina shida gani. Picha yangu ilikuwa juu ya kichwa chake. Kwenye kona ya picha, sawa na shavu langu, palibandikwa kijikaratasi chenye namba ya simu ya fundi bomba. Nilikaa saa mbili. Mwalimu hakuja, nikaandika jina langu kwenye daftari la wageni nikaondoka.

Ningeweza kuvumilia hayo yote kama nisingekutana na kijana mmoja wa idara ya mavazi pale soko la Owino, akichambua mitumba kutafuta magauni ya mtindo wa miaka ya 1970. Alinisalimia vizuri, halafu akasema, “Lakini dada, mbona ulitukataa?” Nilidhani ananitania. Kumbe mwezi Juni watayarishaji wake walikuwa wamemwandikia wakala wangu mara mbili wakiulizia kama nina nafasi kwa siku tisa na malipo yangu ni kiasi gani, wakinitaka kwa sehemu ya mke wa sajenti, yenye maneno mengi na yote ya Kiswahili. Hawakujibiwa. Wakahesabu kwamba nimekataa, au kwamba nimepanda bei, wakampa mwingine. Nilinunua nyanya nilizokuwa nimezifuata sokoni, nikapanda teksi, na nilipofika nyumbani nikagundua nyanya nimeziacha kwenye kiti.

Kuna pia fedha. Aprili nilicheza katika tangazo la sabuni kwa malipo ya shilingi 2,400,000. Tukitoa kodi ya zuio, ile inayokatwa na mlipaji kabla ya kulipa, ya asilimia 6, ambayo ni 144,000, na kamisheni yake ya asilimia 15, ambayo ni 360,000, ninachostahili ni 1,896,000. Malipo hupitia kwenye akaunti yake, ndivyo mkataba unavyosema. Juni alinitumia milioni moja kwa simu, bila maelezo, na 896,000 zilizobaki sijaziona hadi leo. Mhasibu wa mtayarishaji aliniambia kwa upole kwamba wao walimaliza kulipa mwezi wa tano. Cheti cha ile kodi iliyozuiwa nacho sijakiona, na bila cheti hicho siwezi kudai kodi hiyo ihesabiwe kwa jina langu ninapowasilisha ritani ya kodi.

Sitaki kujifanya malaika. Mwaka jana niliacha kazi ya siku tatu asubuhi ya siku ya kwanza kwa sababu mwanangu alilazwa na malaria, na Mwalimu ndiye aliyepokea matusi ya mtayarishaji kwa niaba yangu. Aliniambia yamekwisha. Huenda hayakwisha. Au huenda hana kinyongo chochote, bali amechukua watu wengi kuliko anaoweza kuwahudumia, na sisi wa malipo madogo ndio tunaoanguka kwanza kutoka kwenye kapu. Asilimia 15 ya mshereheshaji anayeshika harusi kila Jumamosi ni fedha inayoonekana. Ya kwangu ni ya kungojea. Naielewa hesabu hiyo. Nisichoelewa ni kwa nini asiniachie niende.

Sasa limekuja jambo lenyewe. Wiki iliyopita mwanamke anayechagua waigizaji wa tamthilia inayotengenezwa Nairobi alinipata kupitia mwigizaji mwenzangu. Nikajirekodi usiku, dada yangu akinisomea, umeme ukakatika mara moja, tukarudia. Siku mbili baadaye akaniandikia kwamba mwongozaji ameridhika, ni siku 11 za kazi mwezi wa kwanza, na swali lake la mwisho lilikuwa fupi: je, mkataba waupeleke kwa wakala wangu au kwangu? Anataka jibu kabla ya tarehe 30 ya mwezi huu. Safari hainisumbui, basi la usiku nalijua na mpakani kitambulisho cha taifa kinatosha. Kinachonisumbua ni swali hilo moja.

Nikimpa jina la wakala, naogopa barua yao itaangukia shimo lile lile lililomeza ile ya mke wa sajenti. Nikisema waniletee mimi, nitakuwa nimevunja kifungu cha wakala pekee, na iwapo Mwalimu atazinduka baadaye anaweza kuwaandikia watayarishaji kudai haki yake, nami nitaonekana mbele ya watu wageni kuwa mwigizaji wa mizozo. Katika kazi yetu jina hilo likikushika halibanduki.

Wenzangu wamegawanyika. Mmoja ananiambia nisaini kimya kimya, kwamba wakala asiyejibu hatajua. Silipendi hilo, kwa sababu nikifanya kwa kificho nitakuwa nimempa yeye haki ya kulalamika, ilhali mpaka sasa haki hiyo ninayo mimi. Mwingine, karani wa mahakama ambaye ni jirani yangu, anasema zile 896,000 ni dai la kupelekwa kwenye utaratibu wa madai madogo, unaopokea madai yasiyozidi shilingi milioni 10 na ambao mtu huenda mwenyewe bila wakili. Lakini ananishauri nianze na barua ya madai yenye tarehe, nibakize nakala, na yule binti wa mapokezi asaini kuwa ameipokea. Mama yangu, aliye Jinja, amenijibu kwa methali tu: usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Nikamwambia mkunga mwenyewe hapokei simu. Akacheka, lakini hakubadilisha neno.

Mkataba unaruhusu upande wowote kuuvunja kwa notisi ya siku 30 iwapo upande wa pili umeshindwa kutimiza wajibu wake. Hapa ndipo ninapohitaji msaada wako na wa wasomaji waliowahi kupita njia hii, hasa wanaojua sheria za mikataba. Je, ujumbe tisa usiojibiwa, ombi la kazi ambalo sikuarifiwa na malipo yaliyokwama vinatosha kuitwa kushindwa kutimiza “juhudi zinazostahili”, au atasema maneno hayo hayana kipimo? Kijana wa mavazi yuko tayari kunionyesha zile barua pepe mbili, ila anaogopa kupoteza kibarua, nami sitaki kumponza. Nikitoa notisi leo, siku zake 30 zitaishia baada ya tarehe ya jibu la Nairobi ingawa ni kabla ya kazi yenyewe kuanza: kinachohesabiwa ni siku ya kusaini au siku ya kurekodi tamthilia? Na je, ni halali nimtengee asilimia 15 ya kazi hiyo, niiweke kando mpaka anilipe ninachomdai, au hapo nitakuwa nimechanganya madeni mawili yasiyohusiana?

Kuna na swali ambalo mwanasheria hatanijibu. Picha zile za kwanza, alizolipia yeye, ndizo zilizonifungulia milango yote niliyoingia tangu hapo. Nimwandikie notisi kwa lugha ya mkataba, kavu, yenye vifungu, au kwanza nimwandikie barua kwa mkono nimwambie Mwalimu, nakuomba uniachie? Dada yangu anasema barua ya mkono ataisoma kama alivyosoma zile tisa. Nimekwisha iandika mara mbili na zote mbili ziko kwenye droo, karibu na mkataba.

Kwa sasa yule mwanamke wa Nairobi nimemjibu kwamba nitampa jina la mtu wa kuwasiliana naye kabla ya tarehe 30.

Wako,
Mwigizaji, Kampala