Video za ndege ziwe na tarehe na mahali, ila viota vifichwe

Mhariri,

Wapenzi wa ndege wanaobeba kamera wameongezeka jijini Nairobi, nami nalifurahia jambo hilo. Utawakuta Karura, utawakuta pia kwenye mabwawa ya majitaka ya Ruai, ambako ndege wa majini wanaohama kutoka Ulaya na Asia hukaa kati ya Oktoba na Aprili. Wengine hawana haja ya kwenda mbali, kwani korongo wenye mfuko shingoni wamejaa juu ya migunga karibu na Uwanja wa Nyayo. Linalonikera ni kwamba video nyingi husambazwa bila tarehe wala mahali, zikawa burudani ya siku moja ilhali zingeweza kuwa ushahidi.

Tangu mwaka 2013 kuna mradi uitwao Kenya Bird Map, ulioigawa nchi katika miraba yenye upana wa takriban kilomita 9, na yeyote anayeweza kutambua ndege huruhusiwa kuwasilisha orodha ya aliowaona katika mraba fulani. Orodha hizo zikilinganishwa na atlasi ya ndege wa Kenya iliyochapishwa mwaka 1989, mtafiti hujua ni wapi ndege fulani ametoweka na ni wapi ameingia upya. Video ya korongo mwenye taji isiyosema kama ilichukuliwa Kitale au Kiambu, mwaka huu au zamani, haina nafasi katika kazi hiyo, hata ikipendeza vipi. Simu yenyewe huhifadhi saa na mahali ndani ya picha, iwapo mwenyewe hajazima huduma hiyo, lakini picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida taarifa hizo hufutika. Ni afadhali mtu aziandike mwenyewe chini ya picha.

Umuhimu wa jambo hili unaonekana zaidi kwa tumbusi. Mwaka 2015 aina nne za tumbusi wa Afrika ziliwekwa katika daraja la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka, na sumu inayotiwa kwenye mizoga, mara nyingi na wafugaji waliokasirishwa na simba au fisi, ni miongoni mwa sababu kuu. Mzoga mmoja huweza kuua makumi ya tumbusi, kwa sababu mmoja akishuka wengine humfuata. Anayewakuta wamekufa akaiarifu Idara ya Wanyamapori mara moja, akitaja mahali hasa, huwawezesha askari kuuteketeza mzoga kabla ndege wengine hawajaula. Anayetia video mtandaoni jioni, pamoja na muziki wa huzuni, amechelewa. Vilevile baadhi ya tumbusi wamefungwa vibandiko vyenye namba mabawani. Namba hiyo ikisomeka pichani, watafiti hupata kujua ndege huyo amefika wapi.

Kuna mahali pamoja ambapo nasema kinyume, napo ni kiotani. Tai mkubwa mwenye shungi anayewinda kima misituni mwetu kwa kawaida huzaa mara moja tu katika miaka miwili, maana kinda huendelea kulishwa kwa miezi mingi hata baada ya kuanza kuruka. Akisumbuliwa hadi akakiacha kiota, hasara yake si ya msimu mmoja. (Msitu ninaomwonea sitautaja.) Wapo pia wanaocheza sauti ya ndege iliyorekodiwa ili dume atoke kichakani kumkabili mshindani asiyekuwepo, ndege huyo huacha kula na kulinda makinda kwa ajili ya sekunde chache za video, nami naona huo ni uchokozi, sio uhifadhi.

Naliomba gazeti hili, linapochapisha picha za ndege zilizotumwa na wasomaji, lidai kwanza tarehe na eneo, na lisichapishe kabisa mahali palipo na kiota cha tai, bundi au tumbusi.

Msomaji,
Lang'ata, Nairobi