Abiria si bahasha: barua ya wazi kwa vijana tuliotazama nao filamu ya Entebbe

Wanangu na wajukuu zangu,

Jumamosi ile taa zilipowashwa, nusu yenu mlikuwa upande wa yule Mjerumani mteka ndege. Niliwasikia. Mmoja alisema, "Jamaa angalau alifanya kitu." Kisha binti mmoja akanigeukia, kwa adabu lakini kwa jicho kali: "Babu, watu wako wafukuzwe kwao kama Wapalestina, wapite miaka ishirini na minane bila mtu kuwasikiliza, wewe ungefanya nini?" Nikajifanya natafuta miwani. Miwani ilikuwa usoni. Mkacheka, mkanisitiri, tukatawanyika.

Swali lile halijaniacha tangu siku hiyo. Naandika hadharani kwa sababu si la binti yule peke yake.

Nianze kwa kukubali. Mwaka 1948 Wapalestina zaidi ya laki saba walipoteza makwao. Dai lao lilikuwa la kweli, na mtu akiwaambia kwamba watekaji wale walizuka tu kwa uovu wao, mwambieni akasome tena. Sina ugomvi na dai. Ugomvi wangu ni na ile ndege.

Mnayakumbuka mambo yenyewe. Tarehe 27 Juni 1976 ndege ya Air France iliyotoka Tel Aviv kwenda Paris ilitekwa baada ya kuondoka Athens. Watekaji walikuwa wanne, Wapalestina wawili na Wajerumani wawili. Ilipitia Benghazi, ikatua Entebbe, Uganda, Idi Amin akawapokea watekaji kama wageni wake. Walitaka wafungwa 53 waachiliwe, wengi wao wakiwa Israel, na wengine katika nchi nyingine, Kenya ikiwamo.

Sasa filamu. Hii ya 2018 imetengenezwa kwa ustadi, sibishi, na ile ngoma ya viti mwanzoni ilinisisimua mwili. Lakini tazameni kamera inampenda nani. Wilfried Böse, yule Mjerumani, anatokwa na jasho, tunaliona. Anasitasita, tunaambiwa kwa nini. Mwenzake Brigitte Kuhlmann tunaingizwa hadi ndani ya majuto yake. Abiria je? Wamekaa. Mwenye bunduki anapewa moyo, aliyekaa anapewa kiti. Ndiyo maana mlitoka mkimwonea huruma Böse, na siwalaumu, mlipelekwa huko kwa mkono.

Böse wa kweli alikuwa na miaka 27, umri wa wengi wenu. Alikuwa mtu wa vitabu kule Frankfurt, wa kundi lililochapisha maandishi ya mrengo wa kushoto. Wazazi wa kizazi chake ndio walioishi chini ya Hitler, wengine wakishangilia, wengine wakinyamaza, na vijana hawa waliapa kwamba wao hawatanyamaza. Kiapo kizuri. Basi fuateni kilimfikisha wapi.

Pale Entebbe, kwenye jengo la zamani la abiria, mateka walitenganishwa. Majina yakasomwa. Waisraeli, na baadhi ya Wayahudi wasio Waisraeli, wakapelekwa chumba cha pili. Mzee mmoja aliyenusurika kambi za Wanazi alimwonyesha Böse namba iliyochorwa kwenye mkono wake. Böse akajitetea kwamba yeye si Nazi, yeye anaamini mambo mema.

Mimi namwamini kwamba hakusema uongo. Hapo ndipo ninapoogopa. Wengi husema alipotoka njiani kidogo, kwamba kuteka ni sawa ila kuchambua watu ndiko kulikokosewa. Hapana, wanangu. Utekaji ni biashara. Ukishamshika mtu ili umuuze kwa serikali, lazima ujue ni serikali gani itakayomlipia na kwa bei gani. Lazima upange pasipoti. Asiye na bei unamwachia, na kweli abiria 148 waliachiwa kwa mafungu mawili. Mwenye bei unabaki naye. Orodha ile haikuanzia Entebbe, ilianza siku walipokata tiketi.

Abiria amegeuzwa bahasha. Barua inaandikiwa waziri mkuu, yeye ndiye karatasi ya kuifungia, na anayefungua barua hana habari na bahasha inavyochanika.

Rubani Michel Bacos aliliona hilo kabla ya wote. Yeye na wahudumu wake walikuwa na nafasi ya kuondoka, wakakataa, wakabaki na abiria wao hadi mwisho. Nilitarajia mmoja wenu amtaje. Hakutajwa.

Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai makomando wa Israel wakashuka na ndege nne kuwakomboa mateka. Nitasema pia la haki kwa Böse: walionusurika walisimulia kwamba risasi zilipoanza aliingia na bunduki yake, angeweza kuwamiminia, lakini akawaambia wajifiche. Dakika chache baadaye alikuwa amekufa. Mateka watatu walikufa katika mapambano yale. Wa nne, Dora Bloch, bibi wa miaka sabini na zaidi, alikuwa hospitali ya Mulago. Aliuawa baadaye kwa amri ya utawala wa Amin, na mabaki yake yakapatikana 1979. Wanajeshi wa Uganda nao wakafa kwa makumi, vijana waliopangiwa zamu ya usiku uwanjani.

Filamu inaishia karibu na hapo. Kwetu haikuishia hapo.

Ndege zile zilipokuwa zikirudi zilijaza mafuta Nairobi, na hasira ya Amin ikageukia Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda. Wengi waliuawa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, tukiishi karibu na mpaka wa Malaba, nikaona watu wakivuka na virago. Alivuka mzee mmoja, fundi cherehani, amebeba kichwa cha cherehani begani, na shingoni amening'iniza ufunguo kwa kamba ya kiatu. Jirani yetu alimpa chumba. Kila asubuhi mzee yule aliutia ufunguo tone la mafuta ya cherehani, akaupangusa, akauvaa tena. Ulikuwa wa nyumba aliyoiacha ng'ambo. Siku moja aliniuliza, kwa kuwa nilikuwa nimesoma kidogo, "Hivi hawa Wapalestina ni watu wa wapi?" Nikamchorea ramani kwa kijiti mchangani. Akaitazama sana. "Mbali," akasema.

Sitawapa methali ya ndovu na nyasi, mmeichoka, na hata mimi nimeichoka. Nawapa ule ufunguo.

Mtaniambia: babu, basi unatuhubiria tukae kimya. La. Tarehe 25 Juni 2024, hapa Kenya, mliingia barabarani na bendera, simu na chupa za maji, na risasi zikawaua wenzenu. Siku iliyofuata Rais akatangaza kwamba hatatia saini Mswada wa Fedha, ule wa kodi mliokuwa mkiupinga. Mwenye kuita siku ile vurugu za vijana tu, bila kutaja nani alikuwa na bunduki, huyo si mshauri wenu. Ila siku ile ile palikuwa na maduka yaliyovunjwa na kuporwa, na mwenye duka hakuwa ameandika mswada wowote. Yeye naye alikuwa bahasha. Mlilijua hilo, kwa sababu wengi wenu mliwakemea waporaji kabla hata ya wazee kufungua vinywa.

Wala sisemi kwamba kila aliyeshika silaha ni sawa na mwenzake. Mandela alipojitetea mahakamani mwaka 1964 alieleza kwamba wao, wa chama cha ANC cha Afrika Kusini, walichagua hujuma kwa sababu haikukusudia kutoa roho za watu. Walilenga majengo ya serikali na mitambo ya umeme. Huo ni mstari, na mtu anaweza kuutetea. Lakini angalieni ulivyo mwembamba: mwaka 1983 bomu la chama chao hicho hicho lililipuka Church Street, Pretoria, watu 19 wakafa, wapita njia wakiwamo.

Na kuna kisa cha hapa hapa kwetu Afrika Mashariki ambacho hakuna aliyekitaja. Februari 1982 vijana wa Kitanzania waliteka ndege ya Air Tanzania iliyotoka Mwanza, wakitaka Mwalimu Nyerere ajiuzulu. Ilipita Nairobi, Jeddah na Athens, ikafika Stansted, Uingereza, rubani msaidizi akiwa amejeruhiwa kwa risasi. Wakajisalimisha, wakafungwa. Mwalimu aliondoka madarakani 1985 kwa hiari yake, na vyama vingi vikaja 1992. Waulizeni wanaosimulia historia ya mageuzi ya Tanzania kama wanaanzia kwenye ndege ile.

Hata Ujerumani, aliyeguswa sana na Entebbe alitoka miongoni mwa wenzake Böse. Joschka Fischer alikuwa mpiganaji wa mitaani kule Frankfurt. Alikuja kusema kwamba habari za Wajerumani kuwachambua Wayahudi tena zilimtikisa na kumtoa katika njia ya mabavu. Mwaka 1998 akawa waziri wa mambo ya nje. Simsifii kwa cheo, vyeo ninavijua. Nataka mwone tu kwamba aliisikia habari ile ile mliyoitazama Jumamosi, na yeye alitazama chumba cha pili.

Sasa binti, swali lako. Ningefanya nini?

Ningepiga kelele. Ningegoma, ningefungwa, ningetoka nikagoma tena. Na hayo yote yakigonga mwamba, sikudanganyi kwamba nisingewawaza wale wa Afrika Kusini na mitambo yao ya umeme. Ningewaza sana, nami ni mtu mwoga. Lakini kwenye ile ndege nisingepanda na bastola. Maana namwona fundi yule amekaa dirishani, kichwa cha cherehani miguuni, ufunguo shingoni, ananiuliza tunakwenda wapi, na mimi sina la kumjibu.

Babu yenu