Barua kwa mwanangu: kabla hujanunua nyumba ya kupangisha Arusha

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku Moshi hatujambo. Picha za ile nyumba ya Muriet nimeziona. Nimefurahi sana kwamba unawaza vyumba vya kupangisha ungali kijana. Ila usitoe hata shilingi ya kishika nafasi kabla hujamaliza kusoma haya.

Dalali anakwambia vyumba sita, kila kimoja 70,000 kwa mwezi, kwa mwaka milioni tano na ushee. Hiyo ni hesabu ya mtu anayesubiri kamisheni. Tuseme kila chumba kinakaa wazi mwezi mmoja tu kwa mwaka: 5,040,000 inashuka hadi 4,620,000. Toa asilimia 10 ya kodi ya serikali inayokusanywa na TRA, inabaki 4,158,000. Weka pembeni laki sita za rangi, vitasa, mabomba na gari la kunyonya choo. Unashika 3,558,000. Kwa milioni 60 anazotaka, pesa yako itarudi baada ya karibu miaka 17, na hapo hujakopa. Ukikopa benki, marejesho hayasubiri chumba kipate mtu. Kwa bei hiyo mimi nasema hapana. Ashushe, au tutafute kwingine.

Halafu jiulize nani atalala humo. Arusha ni mji wa wageni, na wageni huondoka. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ilifunga kazi mwishoni mwa 2015, na mwaka 2020 Korona ikasimamisha utalii. Aliyetegemea kundi moja la wapangaji aliumia. Huku kwetu wanafunzi wa Chuo cha Ushirika ni wapangaji wazuri, lakini chuo kikifunga wanarudi kwao. Ndiyo maana mimi napenda kuchanganya na wauguzi na wafanyakazi wa hospitali ya KCMC. Wewe nawe tafuta fundi, mwalimu, mama wa duka, mtu ambaye kazi yake iko hapo hapo mtaani.

Nenda ukaione nyumba mwezi wa nne, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha. Kiangazi kila kiwanja ni kizuri. Angalia ukuta wa nyuma chini, rangi inapobambuka na kuacha mstari wa unyevu. Angalia kama shimo la choo limejaa maji. Kama kuna kisima, peleka maji yakapimwe madini ya floraidi, maana visima vingi upande wa Meru vinayo kwa wingi, na ndiyo yanayowafanya watoto waote meno ya kahawia. Mwenye familia akishaligundua hilo anahama.

Umeme, kila chumba kiwe na mita yake ndogo. Mmoja ana friji, mwenzake ana taa na chaji ya simu, halafu wanachangia LUKU, umeme wa kulipia kabla, sawa kwa sawa: huo ugomvi utapigiwa simu wewe, saa nne za usiku. Kodi ya majengo nayo hukatwa humo humo kwenye LUKU. Hilo ni deni la mwenye nyumba, kwa hiyo liandike kwenye mkataba na umrudishie mpangaji.

Kuhusu karatasi sina huruma. Mhuri wa serikali ya mtaa peke yake hautoshi. Kama ana hati, fanyeni upekuzi kwa msajili wa hati, muone jina ni la nani na kama benki haijaishikilia. Kama hana, muulize afisa ardhi kama eneo limepimwa na limepangiwa matumizi gani. Muuzaji akiwa na mke, mke asaini mbele ya wakili. Unajua mwenyewe kesi za vihamba, mashamba ya ukoo, huku kwetu, kaka mmoja anauza, ukoo mzima unasimama.

Nitumie picha ya hiyo hati leo. Jumatatu baba yako anakwenda Arusha, ataipeleka ofisi ya ardhi yeye mwenyewe. Na huyo dalali mwambie asubiri.

Mama yako anayekupenda